Fedha za Kipara Zimekwenda Wapi?

Hapa Chanika, mjini Handeni, kila mtu ni daktari, ilimradi mgonjwa awe na kipara. Ukiumwa tumbo watakuambia nenda hospitali. Ukipata homa watakuambia kapime damu. Lakini thubutu kuvua kofia pale stendi ujifute jasho! Kondakta wa gari la Korogwe atakuandikia kitunguu maji. Muuza machungwa atasema kitunguu maji hakina nguvu, sugua kitunguu saumu mpaka ngozi iwake moto. Mama ntilie ana mafuta ya nyonyo, shehe ana habasoda, na kijana wa bodaboda kaona kwenye simu kwamba dawa ni maji ya mchele. Nikivifuata vyote, itabaki nyama tu pilau liwe tayari.

Hao ni wa bure. Wako na wa kulipwa, na sisi watu wa Handeni tunasifika nchi nzima kwa waganga. Mtu wa Dar es Salaam akisikia ninakotoka, huniuliza habari za mganga kabla ya kuniuliza habari za nyumbani. Magari ya vioo vyeusi yanakuja huku kutafuta vyeo, mali na kura. Wenzangu wanatazama namba za magari, mimi natazama vichwa. Waheshimiwa wanakuja na vipara, na safari ya kurudi wanarudi navyo vilevile. Hapo ndipo nilipokata tamaa. Kama mtu anaweza kuahidiwa ubunge lakini nywele hakuna anayethubutu kumwahidi, basi tatizo langu limeishinda hata siasa.

Nikahamia kwa wanasayansi. Mwaka 2013 Bill Gates, tajiri wa Microsoft, alisimama kwenye mkutano wa wahandisi jijini London akalalamika kwamba anayetafiti kipara cha wanaume anapata fedha nyingi mno kuliko anayetafiti malaria, kwa kuwa soko linamsikiliza mwenye pesa. Walimwengu wakasikitika kwa ajili ya malaria. Mimi nilisikitika mara mbili. Kwanza kwa malaria, maana mbu wa huku hawana likizo. Pili nikajipapasa utosini na kuuliza: kama fedha zote hizo zimetoka, mbona huku juu hakijafika kitu? Nataka uitishwe mkutano wa hadhara, yasomwe mapato na matumizi. Na kwa kuwa wahusika wako ng'ambo, nitayasoma mwenyewe.

Kifungu cha kwanza ni kinga. Kinga ya uhakika ipo, tena ya zamani. Hippocrates, yule tabibu wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba matowashi hawaoti kipara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton akaonyesha kwamba mzee hakukosea: wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe walibaki na nywele zao, lakini wakipewa homoni ya kiume, wale wenye vipara katika ukoo huanza kupukutika. Kwa hiyo kipara cha namna yangu ni urithi wa ukoo ukikutana na homoni ya uanaume. Hakiletwi na kofia, wala kubeba mizigo kichwani, wala husuda ya jirani. Na kinga yake ndiyo hiyo mliyoisikia. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikamshukuru Mungu kwa alichoniachia.

Kifungu cha pili ni dawa ya kupaka, minoxidil. Hiyo kwa kweli hakuna aliyeitafuta. Ilikuwa dawa ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaanza kuota nywele hata mahali wasipozihitaji, wenye akili ya biashara wakashtuka. Mwaka 1988 Marekani ikaruhusu iuzwe kama dawa ya kipara. Ukibahatika ikakukubali, unapaka kila siku ya Mungu, na ukiacha, zile zilizoota zinaondoka. Mimi hiyo naiita kodi ya kichwa. Babu zetu waliikimbia wakajificha porini, leo imeturudia ndani ya kichupa.

Kifungu cha tatu ni kidonge cha finasteride, ambacho kilianza kama dawa ya tezi dume, na mwaka 1997 kikaruhusiwa Marekani kwa ajili ya kipara. Karatasi yake inaonya kwamba wanaume wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Jambo kama hilo mtu haamui peke yake, nikamweleza mke wangu. Akanijibu bila kuinua macho kwenye ungo: "Baba watoto, hizo nywele unataka ukamwonyeshe nani?" Mjadala ukafungwa, na kwa siku kadhaa nikawa natakiwa kueleza kila ninakokwenda.

Nikatafuta pa kulipizia kisasi, nikapapata Afrika Kusini. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichunguza vichwa vya wasichana wa shule na wanawake watu wazima. Wakaona kwamba misuko ya kukaza inang'oa nywele, hasa zile za kwenye paji la uso na kandokando ya masikio, na hatari inazidi msuko ukija juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha. Msuko unaouma na kutoa vipele ni ishara kwamba mizizi inateswa. Nilimsomea mwenzangu kwa sauti ya mwalimu mkuu, huku nikilitazama paji lake linalozidi kupanda. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Zangu zinavutwa na msusi. Zako zimekukimbia zenyewe." Mashahidi walikuwepo, tena wakacheka.

Sasa tusome upande wa pili wa daftari. Ukishika lami ya kutoka hapa kwenda Korogwe, unafika mahali ambapo sayansi ilipita mchana kweupe. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 kwenye nchi 7 za Afrika, kwa watoto 15,459. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na hiyo Korogwe yetu. Watoto wa majirani zetu walitoa mikono, wakalia, wakabembelezwa. Chanjo yenyewe ilianza kutengenezwa maabara mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika Oktoba 2021. Miaka 34! Mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka ilipoanza kutengenezwa alikuwa na muda wa kutosha kukua, kuoa na kuota kipara akiwa anaisubiri.

Wala si lazima tuhangaike na chanjo. Nenda kwa kinyozi wiki ya kufungua shule. Utakuta foleni ya watoto na mashine moja, inatoka kichwa hiki inaingia kichwa kile, na kwa yule mwenye mapunye haigeuzi njia. Mapunye ni fangasi, na fangasi huyo haishi juu ya ngozi tu, anaingia mpaka ndani ya unywele. Ndiyo maana kumpaka mtoto mafuta peke yake hakumtoi. Anatolewa na vidonge, kwa wiki kadhaa bila kuruka. Griseofulvin ilianza kutumika kwa kazi hiyo mwaka 1958. Dawa ina umri mkubwa kuliko Jamhuri ya Muungano, lakini bado haijamfikia kila mtoto.

Mpwa wangu hakupewa. Alipelekwa duka la dawa, akarudi na krimu ya mseto, ile tyubu inayotibu upele, ukurutu, chunusi, mba na, nadhani, hata madeni. Ndani yake mna steroidi. Inatuliza muwasho, mama anashukuru, huku fangasi anapata nafasi ya kujitanua kimyakimya. Dada yangu alisifia ile krimu kwa wiki nzima kabla ya mabaka kuongezeka. Na wanaojua mambo haya wapo, ila ni wachache. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, kinachowafundisha matabibu wa kawaida ili mtu wa wilayani asilazimike kumtafuta profesa. Tatizo ni kwamba tyubu inafika kijijini kabla ya tabibu.

Kinachoniudhi ni hiki. Mpwa wangu ana kichwa kinachowasha, kinachoambukiza, na darasani wanamhamisha dawati. Nikimpitisha barabarani, wataalamu wangu wote wanasema, "Atakua tu, yataisha." Kichwa changu hakiwashi, hakiambukizi mtu, na maji ya bomba yakikatika, jambo ambalo Handeni halihitaji kuelezwa, mimi naoga kwa kikombe. Lakini ndicho kinachoitishiwa jopo la madaktari, kuanzia stendi hadi Marekani!

Basi natangaza rasmi kwamba fungu langu la utafiti wa kipara nalirudisha. Wanunuliwe watoto vidonge, vinyozi wapewe spiriti ya kusafishia mashine, na matabibu wa ngozi waongezwe. Chenji ikibaki, nitapokea kofia, ya kushonwa kwa mkono tafadhali, si ya kiwandani. Na ikibaki nyingine, aletwe mkaguzi wa hesabu amhoji kinyozi wangu, ambaye mpaka leo ananitoza bei ya kichwa kizima.