Sufuria la Makande na Tumbo la Mume Wangu

Ijumaa mchana nyumbani kwetu Same jiko halipumziki. Sisi ni Wasabato, kama Wapare wengi tangu wamisionari Wajerumani walipofika milimani 1903, na Jumamosi hatupiki. Kwa hiyo makande huinjikwa mapema: mahindi yaliyokobolewa, maharage, vitunguu vya kutosha, na mwishoni maziwa. Chakula hicho ndicho kilichokuwa kikimlaza mume wangu kila Sabato, tumbo limewamba kama ngoma.

Ametibiwa amiba, taifodi, vidonda vya tumbo, kisha amiba tena. Tumbo linanyonga, akitoka chooni linapoa kidogo. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo choo kimegoma kabisa. Akipimwa, hakuna kitu. Wifi yangu alishaanza kusema kuna mkono wa mtu. Jirani yeye aliniambia usoni kwamba mume wangu anadeka, na neno hilo liliniuma kuliko la uchawi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwona usiku amejikunja, jasho linamtoka.

Mama mkwe aliposhuka kutoka Mamba kuja kumwona mwanawe, alishuka na dawa. Tangawizi ya Mamba inasifika, na alikuja nayo nusu gunia, pamoja na chupa ya alovera aliyoikamua kwa mikono yake. Wifi akaleta unga wa mlonge kutoka Dar. Shemeji akaja na mtindi, eti wa kupooza utumbo. Mume wangu hamkatalii mama yake, na dada yake hamkatalii. Ijumaa hiyo, jua halijazama, alikuwa ameshavimeza vyote, akateremshia na makande.

Saa nne usiku mlango wa nyuma ukaanza kulia. Choo chetu ni cha uani, cha kumwagia maji kwa ndoo, na wiki ile maji ya bomba yalikuwa ya mgao. Madumu yaliyopangwa ukumbini yalikuwa ya nyumba nzima kuoga asubuhi kabla ya kanisa. La kwanza likaisha, la pili likafuata. Mama mkwe alisimama uani na tochi ya simu, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni, akimuuliza kama yu hai. Wifi alikuwa jikoni anachemsha tangawizi nyingine, nikamnyang'anya birika, nikakoroga pakiti ya ORS ya kurudisha maji mwilini kwa maji ya kunywa yaliyobaki. Kulipokucha watoto walinawa uso kwa kikombe kimoja, na mume wangu alikuwa mkekani, midomo imekauka.

Jumatatu tulikwenda hospitali sote, na mama mkwe akaingia nasi hadi kwa daktari. Daktari aliuliza maswali ambayo hatukuwahi kuulizwa: umewahi kuona damu kwenye choo? Umepungua uzito? Una homa? Tumbo lilianza ukiwa na umri gani? Kuna aliyeugua saratani ya utumbo katika ukoo? Jibu la kutia wasiwasi kwa lolote kati ya hayo lingetaka uchunguzi zaidi, na namsihi kila msomaji asikae nalo nyumbani. Damu ilipimwa, choo kikapimwa, vyote safi. Ndipo akatueleza ugonjwa uitwao IBS: utumbo hauna kidonda, ila misuli yake inakwenda ovyo na neva zake zinahisi kupita kiasi. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa waliweka kipimo chake: maumivu walau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiambatana na choo kubadilika.

"Kwa hiyo mwanangu hadeki?" mama mkwe akauliza.

"Hadeki, mama. Anaumwa."

Nililia pale pale kwenye kiti. Miaka yote tulikuwa tukirudi na karatasi ya vipimo visafi kana kwamba imeandikwa kuwa haumwi.

Kuhusu chupa ya alovera daktari hakuzunguka. Utomvu wa njano ulio chini ya ganda unaharisha vikali, na Marekani iliuondoa kwenye dawa za dukani za kulainisha choo mwaka 2002. Tangawizi tuliruhusiwa kwenye chai, kwa kuwa inatuliza kichefuchefu, lakini kwa IBS yenyewe jaribio dogo la 2014 halikuiona ikiishinda dawa bandia. Mafuta ya mnanaa ya kapsuli huwasaidia baadhi ya watu. Sisi Watanzania tulioona foleni ya magari ya Samunge, Loliondo, mwaka 2011, watu wakifuata kikombe cha dawa kwa shilingi 500, tunaijua hamu ya dawa moja ya kumaliza yote. Siwalaumu waliokwenda, aliyeteseka sana hachagui.

Kazi yenyewe ikahamia jikoni. Maharage na vitunguu vina sukari ambazo utumbo mwembamba haumeng'enyi, zikifika chini huchachuka na kutoa gesi. Chuo Kikuu cha Monash, kule Melbourne, ndicho kilichounda utaratibu wa kuzipunguza kwa majuma machache, kisha kurudisha chakula kimoja kimoja ili mkosaji ajulikane. Kwa hiyo wali wa Ndungu, ugali, karoti na mchicha vikatawala meza yetu. Kitunguu nakikaanga vipande vikubwa kwenye mafuta, kisha nakitoa chote kabla ya kutia maji, maana sukari yake haiyeyuki kwenye mafuta na ladha inabaki. Mume wangu anakula kwa saa, na jioni tunatembea pamoja. Januari, ada zikidaiwa, tumbo bado humkumbusha, kwa sababu utumbo na ubongo vinasemezana mchana kutwa.

Ya maharage alinifundisha mama mkwe kabla ya kupanda tena Mamba. Huyaloweka usiku kucha, humwaga maji yale, huchemsha mara moja, humwaga tena, ndipo hupika na mahindi. Ijumaa iliyopita mume wangu alikula nusu bakuli, bila maziwa, akalala hadi asubuhi. Maziwa yalishajaribiwa peke yake yakakutwa na hatia.

Sasa mama mkwe anataka turudishe kitunguu. Nimemwomba asubiri wiki nyingine, naye amekubali, kwa sharti kwamba siku ya jaribio atashuka Same mwenyewe, na madumu yote yawe yamejaa.