Zambarau Haina Bei

Msimu wa bonasi, mkulima wa chai hasomi orodha juujuu. Huku magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea bonasi ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, kwa hiyo kila alama kando ya jina hukaguliwa kama majani yanavyokaguliwa kituoni kabla ya kupimwa.

Kazi yangu ni kuunganisha faili za Excel za vituo. Karani aliyenitangulia aliacha makro: unabonyeza kitufe, yenyewe inapaka majina rangi. Kijani, pesa ziko njiani. Njano, kilo zinahakikiwa. Nyekundu, akaunti ya benki ina kasoro. Faili ya Kericho ilipakwa sawasawa. Ya Bomet, nyekundu zote zikatoka zambarau. Kabla sijafungua kinywa, msimamizi alishaitupa kwenye kundi la WhatsApp.

Jioni simu ikalia. Mzee mmoja wa upande wa Sotik.

"Kijana, jina langu ni la zambarau. Ndiyo bei ya ile chai?"

Ile chai ni TRFK 306, aina ambayo watafiti wa hapa hapa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011, na majani yake kweli ni ya zambarau. Wengi waliisikia ikisifiwa kwa bei nono. Mzee hana hata shina moja la aina hiyo, na nikamwambia hivyo.

"Ofisi imeandika. Mimi ni nani nibishane na ofisi?"

Kufikia asubuhi, waliopakwa kijani walikuwa wakilalamika kwamba wamebaguliwa.

Kumbe makro haikuwa imeagiza nyekundu. Iliagiza rangi namba 3. Kila faili ya Excel hubeba paleti yake ya nafasi 56, na nafasi ya 3 kwa kawaida ni nyekundu, mpaka atokee mtu mwenye muda mwingi na jicho la urembo. Faili ya Bomet ilikuwa ya enzi za Excel 2003, na kuna aliyewahi kuipamba, sijui kwa harusi ya nani. Tiba ni mstari mmoja: ama makro inakili paleti ya faili kuu, ama itaje rangi kwa viungo vyake, nyekundu 255, kijani 0, bluu 0. Nikachukua ya kwanza.

Orodha mpya ikatoka, mzee akiwa mwekundu. Nikampigia kumweleza kwamba namba ya akaunti aliyoandikisha imepungua tarakimu moja, na pesa zimekwama mpaka alete kadi ya benki.

Akanyamaza kidogo.

"Sasa wewe," akauliza, "ukinirudishia ile zambarau utapungukiwa na nini?"