Barua kutoka Leicester: Runinga Haichaguliwi Dukani

Ndugu zangu wa Tanga na Unguja, ombi la kamati ya familia limefika: runinga bapa, inchi 75, 4K, "ya huko huko Ulaya". Jibu ni hapana, na kwa kuwa hapana tupu mbele ya wakubwa ni utovu wa adabu, naituma na sababu zake. Hoja yangu ni moja tu: runinga huchaguliwa na sebule pamoja na king'amuzi. Duka halimo katika uamuzi huo, wala ndugu aliyeko ughaibuni hamo, ingawa jina lake ndilo hutajwa kwanza likifika suala la kulipa.

Nianze na duka, maana huko ndiko watu wanakopotelea. Taa za dukani ni kali, kwa hiyo runinga zote huwashwa kwa mpangilio maalumu wa dukani: mwanga hadi mwisho, rangi hadi mwisho. Jicho la binadamu likiwekewa vioo viwili sambamba huvutwa na kile kinachong'aa zaidi, na watengenezaji wanalijua hilo vizuri mno. Halafu wanaonyesha nini? Asali inayodondoka taratibu, kasuku wa Amazon, komamanga likipasuliwa, milima ya theluji. Hakuna duka linaloonyesha taarifa ya habari ya saa mbili usiku, waziri akikata utepe kwenye jua la mchana. Kuchagua runinga namna hiyo ni kuchagua mchumba kwenye harusi ya dada yake: kila mtu kapambwa, taa zinawaka, na hakuna anayeonekana jinsi atakavyokuwa Jumatatu asubuhi. Ikifika nyumbani na mpangilio uleule, inaumiza macho, na nyuso za watangazaji zimekolea rangi ya machungwa. Tena kuna kile kitu cha kulainisha mwendo wa picha, ambacho runinga nyingi huja nacho kikiwa kimeshawashwa, kinachofanya filamu ya mamilioni ya dola ionekane imepigwa na kijana wa mtaani mwenye kamera ya video. Desemba 2018 Tom Cruise, mwigizaji asiyeogopa kuning'inia ubavuni mwa ndege inayopaa, alitoa video pamoja na mwongozaji Christopher McQuarrie akiwasihi watu wakizime. Huyo ndiye aliyeogopa.

Sasa hesabu. Inchi za runinga hupimwa mshazari, kona hadi kona, kwa hiyo inchi 55 ni kioo chenye upana wa sentimita 122 hivi na kimo cha 68. Full HD ina vijinukta 1,920 kwa upana. Ukigawanya, kila kimoja kina upana wa milimita 0.63. Jicho zima hutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii. Mpeni hesabu hiyo mtoto wa kidato cha nne, atawaambia kwamba ukishapita kama mita 2.2 kutoka kwenye kioo hicho, vijinukta vya Full HD vimeshaungana machoni. Vya 4K, ambavyo ni mara nne zaidi, vipo, mmevilipia, ila mnaoviona ni nyinyi mliosimama pua kwenye kioo. Na sebule zetu mnazijua: makochi yameegemea kuta, meza ya kioo katikati, na nafasi ya kupitisha sinia. Kutoka kochi la baba hadi kwenye kabati la TV, mita tatu au nne si ajabu. Mwingereza anayenunua 4K ana udhuru, maana sebule yake ni finyu kiasi kwamba hukaa karibu na runinga hata asipotaka.

Najua atakayedakia hapo. Mjomba atasema: ikiwa tunakaa mbali, si ndiyo tununue kubwa zaidi? Hoja nzuri, na kwa nusu yake namkubalia. Kwa mita nne, inchi 65 si wazimu. Lakini kioo kikubwa hukuza kila kinachoingia ndani yake, pamoja na ubovu wake. Chaneli nyingi za ving'amuzi bado hurushwa kwa kiwango cha kawaida, yaani picha ya vijinukta 720 kwa 576, jumla 414,720. Kioo cha 4K kina 8,294,400. Gawanyeni: ni mara 20 kamili. Maana yake, katika kila vijinukta 20 mnavyotazama, kimoja kimetoka studio na 19 runinga imejitungia yenyewe. Runinga nzuri hutunga vizuri, ya bei ya chini hutunga ovyo, na kwenye inchi 75 uongo wote unaonekana: mpira unaacha mkia, nyasi za uwanja zinageuka uji wa kijani. Mechi hiyohiyo kwenye inchi 43 inatulia. Mkitaka 4K ya kweli mtaitafuta kwenye intaneti, na huko, kwa makadirio ya Netflix wenyewe, saa moja hula hadi GB 7. Ulizeni kifurushi cha familia kingefika mwisho wa filamu, au kingeishia pale muuaji anapofungua mlango.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa huku hawalisemi kwa sababu haliwahusu, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Waingereza hukaa wawili watatu kwenye kochi moja lililoikabili runinga. Sisi tunakaa pande tatu za chumba, watoto kwenye mkeka, jirani kwenye stuli ya mlangoni. Nusu ya watazamaji wako ubavuni. Vioo vya LCD viko vya aina nyingi, na mbili ndizo za kawaida: VA, ambayo hutoa weusi mzuri kwa aliyekaa mbele lakini rangi huchujuka ukiitazama kwa upande, na IPS, ambayo weusi wake ni wa kijivu kidogo lakini humtendea haki hata wa mlangoni. Msihangaike kusoma maandishi ya kwenye boksi, kwa sababu mara nyingi hayataji. Iwasheni dukani, msogee pembeni kabisa hadi mwenye duka ashangae, mtazame uso wa mtangazaji. Ukififia, rudisheni. OLED hutazamika vizuri kila upande kwa kuwa kila kijinukta hujitolea mwanga wake, lakini bei yake inatosha kuezeka. QLED, licha ya herufi zinazofanana, ni LCD ileile iliyoboreshwa rangi. Halafu kabati. Runinga nyingi kubwa za siku hizi zina miguu miwili iliyotupwa ncha hii na ncha ile, na kabati letu lina tundu lililochongwa kwa ajili ya runinga ya kichogo ya inchi 21. Hapo mtanunua runinga pamoja na fundi seremala.

"Lakini vitu vya Ulaya ni orijino." Hii ndiyo hoja ya shangazi, nami namheshimu. Shangazi, runinga nyingi zinazouzwa huku zimeunganishwa Poland, Slovakia, Hungary au Uturuki. Kiwanda cha Vestel kilichoko Manisa, Uturuki, hutengeneza runinga zinazobandikwa majina ya kampuni nyingine. Vioo vya OLED vya Sony hutoka kwa LG Display na Samsung Display, na hakuna aliyewahi kumnunia Sony kwa hilo. Wala msitishike na ustaarabu wa huku. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara ikaanza kupata vituo mwaka 1994. Huku mwaka 2025 walikuwa bado wanauza leseni ya kutazama televisheni nyeusi na nyeupe, pauni 58.50 kwa mwaka, wakati ya rangi ilikuwa pauni 174.50, na asiyeona kabisa hupunguziwa nusu. Yaani wakubwa walikaa, wakatafakari, wakaona ni haki alipie ile nusu anayoisikia.

Bei ya Novemba huku kweli hushuka, sikatai. Ongezeni nafasi kwenye kontena. Ongezeni ushuru wa forodha, unaokokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT juu yake, ambayo kwa Bara ni asilimia 18. Ongezeni hatari ya kioo kupasuka kikilazwa badala ya kusimamishwa, na kioo kipya hukaribia bei ya runinga nzima. Dhamana ya duka la Leicester haivuki bahari. Na mwenye ndugu Marekani ajihadhari zaidi: mtambo wa ndani hunasa matangazo ya mfumo wa ATSC wakati kwetu ni DVB-T2, na baadhi ya runinga za kule hutaka umeme wa volti 120. Chomeka kwenye 230 uone moshi wenye ubora wa juu.

Imebaki hoja ya heshima, kwamba wageni watasemaje wakikuta kioo kidogo. Watasema mnavyosikia vizuri, mkifuata ushauri huu: runinga bapa hazina nafasi ya spika, sauti hutokea chini au nyuma, na mgeni hulazimika kuuliza kila sentensi imesemwaje. Fedha iliyookolewa kwenye inchi nunueni spika na stabilaiza nzuri, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo hauulizi runinga ni ya inchi ngapi.

Kwa hiyo nitumieni vipimo viwili, kutoka kochi la baba hadi ukutani na upana wa kabati, kisha nitatuma fedha kwa simu. Nunueni hapo hapo mjini, inchi 43 au 50, muiwashe mbele ya muuzaji kwa chaneli ya kawaida, na msitoke dukani bila risiti na karatasi ya dhamana.