Kila Aliyepita Alikuwa Fundi

Ukitaka kujua mtaa wenu una mafundi wangapi, weka kompyuta mezani barazani, ifungue ubavu, kisha shika bisibisi ya nyota usiseme neno. Watakuja. Atakuja muuza maji, atakuja jirani mstaafu, atakuja na mtu aliyekuwa anapita zake kwenda msibani. Na wote, sijui kwa nini, watakuwa na uhakika.

Shemeji yangu ana steshenari Mbagala: kudurufu, kuprinti, kulamineti vyeti, na picha za pasipoti umeme ukiwepo. Diski ya kompyuta yake ilianza kugonga: ka, ka, ka, kimya, ka. Anayezijua diski akisikia mlio huo haulizi mgonjwa anaendeleaje. Anauliza nakala za mafaili zimehifadhiwa wapi. Shemeji akajibu kwamba zimehifadhiwa humo humo. Tukanunua diski mpya Kariakoo, na kazi ya kuibadilisha akapewa fundi simu wa duka la jirani, kwa hoja kwamba kompyuta ni simu iliyonenepa.

Tuseme haki, kazi yenyewe si ngumu. Tangu mfumo wa SATA ulipoingia mwaka 2003, diski ya namna hii inataka nyaya mbili tu, mmoja wa umeme na mmoja wa data. Mdomo wa data ni mfupi, una pini 7. Wa umeme ni mpana, una pini 15. Yote miwili imepigwa kona ya herufi L, makusudi kabisa, ili usiweze kuchomeka kichwa chini miguu juu. Waliobuni kona ile ni watu wema, ila hawakuwahi kukutana na kijana wa Mbagala mwenye dole gumba la mazoezi. Plastiki ile ni laini kuliko inavyoonekana. Ukilazimisha inameguka, kipande kinabaki ndani ya waya, na diski uliyoitoa dukani asubuhi inakuwa kibogoyo kabla ya adhuhuri.

Fundi wetu, namshukuru Mungu, alikuwa na mkono mwepesi. Tatizo lilikuwa baraza.

"Huo mpana ndio wa data," shemeji akasema.

"Hapana, bosi. Huo wa umeme."

"Mafaili yangu yote ya miaka hii yapite kwenye kamdomo hako kadogo?"

Jirani mstaafu akavuta kiti. Enzi zake ofisini, akasema, waya wa data ulikuwa bapa, upana wa vidole vitatu. "Pini arobaini!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyezipigania. Na kweli, zile diski za IDE zilikuwa na pini 40, waya una mstari mwekundu ubavuni wa kuonyesha pini ya kwanza iko wapi, na nyuma ya diski kuna kijiplastiki cha kuhamisha ili kuamua ipi iwe bwana na ipi iwe mtumwa. Ukiziacha diski mbili kwenye waya mmoja, zote zikijiita bwana, kazi haiendi.

"Ndivyo ofisi yetu ilivyokufa," mzee akamalizia, akaagiza kahawa.

Likaja suala la umeme. Pawa saplai ile ya kizamani ilikuwa na mdomo mmoja tu wa SATA uliobaki mzima, nao ulikuwa umekaliwa na kisomeo cha DVD. Mingine yote ni ile ya pini 4: njano ya volti 12, nyekundu ya volti 5, na nyeusi mbili za ethi. Fundi akapendekeza tuchomoe DVD. Shemeji akakataa katakata. Je, siku mteja akija na CD ya harusi? Sijamwona mteja huyo mpaka leo, lakini bodaboda akatumwa adapta. Aliyoleta, bahati nzuri, ilikuwa ile ambayo unaziona nyaya zimebanwa moja moja. Zile ambazo plastiki imemiminwa juu ya nyaya mimi siziamini. Zipo zilizopiga shoti ndani kwa ndani zikaungua pamoja na diski.

Tukawasha. Diski ikavuma vizuri kabisa. Kioo kikabaki cheusi, kikaandika kwa Kiingereza cha amri kwamba hakioni diski yoyote.

Hapo baraza likachangamka. Diski feki. Umeme mdogo. Kariakoo wamewapiga. Dada mmoja aliyekuwa anasubiri kuprinti barua ya maombi ya kazi akasema, "Si mzime muwashe?" Wakazima, wakawasha. Fundi akachomoa, akapuliza, akachomeka. Diski yenye umeme bila data inatia huruma: inazunguka mara 7,200 kwa dakika, ina joto, ina bidii, na hakuna anayejua kama ipo.

Bodaboda alikuwa bado kasimama akisubiri hela yake. Akainama akachungulia.

"Huu mwekundu huku chini mbona unaning'inia?"

Waya wa data una ncha mbili. Diski ya zamani ilipovutwa, ilivutwa na waya wake, na kwa kuwa waya ule haukuwa na kile kibati cha kujifunga, ncha ya pili ikachomoka kwenye madabodi. Sote tulikuwa tumeinamia upande wa diski. Fundi akabonyeza, ikalia tak, na kioo kikaandika jina la diski na ukubwa wake.

Baraza likapiga makofi. Dada akasogea na flashi yake mkononi. Fundi akamweleza kwa upole kwamba diski mpya haina kitu, kwanza iwekwe Windows, halafu programu, halafu printa itambulishwe. Dada akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

"Elfu tano," bodaboda akamwambia shemeji.

"Tulipatana elfu mbili!"

"Hiyo ni ya safari, mzee. Elfu tatu ni ya kuona."