Kache Haipashwi kwa Wateja

Kwanza, ondoa kidole kwenye hicho kitufe cha kuzima seva. Ni saa tano asubuhi, wateja wamejaa, na seva haifi, imezubaa tu. Najua dawa ya zima-washa inavyopendwa na mafundi, maana haihitaji kufikiri. Lakini ukizima unaifuta kache, na kache ndiyo iliyokuwa inakubebea mzigo. Memcached, programu ya kache ambayo Brad Fitzpatrick aliiandika mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, kwa kawaida huweka kila kitu kwenye RAM. Ikizimwa, hakuna kinachobaki. Seva inarudi mikono mitupu, na kila ombi linakimbilia kwenye hifadhidata.

Tarehe 23 Septemba 2010 Facebook walionja hayo. Chanzo hakikuwa kuzima seva. Thamani moja ya usanidi ilionekana mbovu, kompyuta zote zikajaribu kuisahihisha kwa kuiuliza hifadhidata ile ile, maswali yakafika mamia ya maelfu kwa sekunde. Kila jibu la kosa lilifanya kipande cha kache kifutwe, na kila kilichofutwa kilizaa maswali mengine. Hata baada ya kosa la awali kurekebishwa, mafuriko hayakukoma. Ilibidi waifunge tovuti kisha warudishe watu kidogo kidogo. Kwa wengi tovuti haikufikika kwa kama saa mbili na nusu.

Sasa wewe, bwana mkubwa wa seva mbili, unataka kufungua mlango kache ikiwa tupu! Mpiga ngoma huipasha ngozi motoni kabla ya wachezaji kuingia uwanjani. Fanya hivyo kwa kache. Soma kumbukumbu za maombi za jana, chukua kurasa zilizoombwa sana, kisha ziite mwenyewe kwa curl huku kigawa mzigo kikiwa bado hakijaitambua seva hiyo. Usiite tovuti nzima. Ukurasa ambao haujafunguliwa tangu mwaka juzi hauna haki ya kukaa kwenye RAM. Wala usiziite zote kwa mpigo, kwa sababu hapo mafuriko yatakuwa ni wewe. Chache chache, kwa mpangilio.

Kurasa za watu walioingia kwa nywila usiziguse kabisa. Nalisema hili kwa ukali: kikapu cha Asha kikihifadhiwa kwenye kache ya wote, Juma atakiona, na hapo hatuzungumzii tena kasi, tunazungumzia siri za watu.

Halafu kuna ukurasa mmoja unaotakiwa na kila mtu kwa wakati mmoja, kama ule wa matokeo ya mtihani. Wanafunzi elfu moja wakiukosa kwenye kache, hakuna sababu ya kuiuliza hifadhidata mara elfu moja. Weka kufuli: ombi moja liende likalete, mengine yasubiri au yapewe nakala ya zamani. Na muda wa kuisha usiwe sawa kwa vyote. Vitu vilivyopashwa dakika moja vitakufa dakika moja. Ongeza sekunde za kubahatisha kwa kila kimoja.

Hifadhidata nayo ina kumbukumbu yake ya kupashwa. MySQL kuanzia 5.7 huandika inapozimwa orodha ya baadhi ya kurasa za data ilizokuwa nazo kwenye kumbukumbu, kisha huzipakia tena inapowaka. PostgreSQL 11 nayo ilileta kazi hiyo ndani ya pg_prewarm, ila lazima uiwashe mwenyewe. Kaiwashe leo.

Seva ziwashwe upya moja moja, na jibu la "niko tayari" kwa kigawa mzigo litoke baada ya kache kupashwa, si mara tu programu inapoamka. Na ikiwa tovuti yako haiwezi kusimama dakika kumi bila kache, basi ugonjwa si kache: ni maswali mazito unayoitwisha hifadhidata. Hayo ndiyo ya kurekebisha wiki hii.