Sifa za Roshani Isiyoona Bahari

Mnazi umesifiwa, punda amesifiwa, hata pweza wa Forodhani ana wapambe wake. Lakini sijapata kumsikia mtu akisimama hadharani kuisifu roshani ya daraja la mwisho kwenye meli ya kitalii, ile ambayo kampuni kwa adabu zake zote huiita "roshani yenye mandhari iliyozuiwa kiasi". Nimelala nayo, nimekunywa chai nayo, nimekosana na shemeji yangu kwa ajili yake. Nani basi aitetee kama si mimi?

Kwa asiyejua, meli hizi huuza vyumba vya namna nne. Kuna kabini za ndani zisizo na dirisha, kuna za dirisha lisilofunguka, kuna za roshani, na kuna za wenye nazo. Mtu wa kawaida husema, "Mimi nataka roshani," akadhani kamaliza. Ndiyo kwanza kaanza. Roshani ya sitaha ya nane si roshani ya sitaha ya tisa. Ya katikati si ya omo, ya omo si ya tezi, na za tezi zenyewe zimegawanyika: ipo inayotazama povu la nyuma ya meli moja kwa moja, na ipo ya ubavuni pake, ambayo ukiinyoosha shingo vizuri utaliona povu hilohilo bila kulilipia. Ipo ya karibu na lifti, ipo ya mbali na lifti, na zote mbili zimeongezwa bei kwa sababu ya lifti. Kila moja ina herufi zake na tarakimu zake. Ukifungua milango utakuta kabini ni zilezile: mita za mraba kama 17, kitanda, kochi la mtu mmoja na nusu, na bafu ambalo pazia lake hukukumbatia kabla hujafungua maji.

Wahenga waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa watu wa majahazi. Hawakuota kwamba siku moja tezi itakuwa na bei yake, omo bei yake, na ngama itapewa jina la kabini ya ndani na kuuzwa kwa punguzo.

Wala mambo haya si ya kale. Mwaka 1984 Diana, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, aliizindua Royal Princess kule Southampton, meli ambayo kabini zake zote zilitazama nje na baadhi zikawa na roshani. Watu wakashangaa. Leo meli mpya isiyo na safu juu ya safu ya roshani huonekana kama imesahau kuvaa. Na kitu kikishakuwa cha kila mtu, lazima atafutwe mtu wa kukigawa upya ili kisiwe cha kila mtu.

Fadhila ndogondogo za roshani yangu nitazitaja mbiombio. Huunganisha ukoo: kundi letu la WhatsApp, lililokuwa halina uhai tangu matanga ya baba mdogo, liliamka usiku mmoja kujadili sitaha ya nane upande wa kushoto. Huleta kivuli, na aliyewahi kukaa juani saa tisa alasiri karibu na Doha, hata mwezi wa Januari, anajua kivuli kina thamani gani. Humwepusha mtu na kupiga picha.

Fadhila yake kuu lakini, ile ambayo ningependa ichongwe kwenye jiwe, ni kile chenyewe kinachozuia.

Kinachozuia ni mashua ya uokoaji. Imening'inia mbele ya roshani, paa lake la rangi ya chungwa usawa wa kifua cha mtu mzima, ndefu kuliko daladala. Ukitoka asubuhi na kikombe chako ukakaa, huioni bahari. Unaona fibaglasi, misumari, kamba, na maandishi ya kueleza kwamba chombo hiki kinabeba watu 150. Juu ya paa kuna ukanda wa mbingu, chini kuna ukanda mwembamba wa maji, na kati yake kuna paa. Mtu mwenye haraka angesema ametapeliwa. Mimi nilikaa, nikatafakari.

Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na watu wapatao 2,200, na mashua 20 zenye nafasi ya watu 1,178. Sitaha zake zilikuwa na nafasi nzuri ya kutembea, na mandhari, wanasema, haikuzuiwa na kitu. Watu zaidi ya 1,500 wakafa. Mwaka 1914 mataifa yakatia saini kule London mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao warithi wake ndio wanaoamua hadi leo mashua zikae wapi, zibebe watu wangapi, hata ziwe na rangi gani. Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa pale na kikoi changu, watu wa sitaha za juu wakitazama maji matupu, mimi nilikuwa natazama sheria ya kimataifa. Wao walilipa zaidi kuona kitu kinachozamisha. Mimi nililipa kidogo kuona kitu kinachookoa. Ni nani hapo mwenye mandhari?

Halafu mashua ina maisha. Bahari utaikodolea macho siku nzima isikuletee mtu hata mmoja. Kwenye mashua yangu, asubuhi ya pili, alitokea Mfilipino mwenye kofia ngumu na kopo la grisi, akatembea juu ya paa hadi usawa wa meza yetu, akasema, "Good morning, sir," akapiga magoti kukagua ndoano. Mke wangu alikuwa na kanga moja. Tulizungumza naye habari za hali ya hewa kama majirani. Siku walipoishusha majini kwa mazoezi, pale bandarini, tuliachiwa bahari nzima wazi kwa muda wa saa hivi, pamoja na makontena yaliyokuwa ng'ambo yake. Nyumba ilikuwa kama ina msiba. Iliporudishwa mahali pake tukapumua.

Ningeweza kuendelea hivi hadi kurasa ziishe, isipokuwa kuna jambo moja. Mashua ile haikuwa yetu. Kadi ya kabini huandikwa kituo ambacho abiria atakimbilia king'ora kikilia, na kituo chetu kilikuwa upande wa pili wa meli. Yaani chombo kilichoninyima bahari kwa wiki nzima, nilichokisifu mistari yote hii, kingewabeba watu wengine, na mimi ningepita mbele yake nikienda kutafuta changu. Nilimuuliza binti wa mapokezi kama kuna punguzo kwa hilo. Akanielekeza duka la manukato.

Ndugu za roshani hii nao wanastahili neno. Kwenye Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, zipo roshani zilizotobolewa ndani ya bodi la chuma: ukisimama unaiona Atlantiki, ukikaa unaona chuma. Oasis of the Seas ya mwaka 2009 ilileta roshani zinazotazama ndani ya meli yenyewe, juu ya bustani yenye miti halisi, ili aliyeikimbia ghorofa ya mjini aamke akimtazama jirani wa ghorofa ya mbele anavyopiga mswaki. Mwaka 2014 wenye meli hiyo wakaweka kwenye kabini zisizo na dirisha kioo kikubwa cha televisheni kinachoonyesha bahari iliyo nje muda uleule, wakakiita roshani. Mwaka 2018 Celebrity Edge ikaja na roshani ambayo ni dirisha tu: unabonyeza kitufe, nusu ya juu inashuka, na hali ya hewa ikichafuka wakuu wa meli wanaifunga wao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba roshani ni kitu chochote kinachoweza kuandikwa roshani kwenye risiti.

Sasa nije kwenye bei, na hapa naomba radhi kama sauti itapanda.

Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja, lakini ni ya mtu mmoja aliye na mwenzake. Sisi tuliozoea kadi za harusi tunajua single ni hela hii na double ni hela ile, na aliyeko single hutoa kidogo kuliko walio wawili. Melini si hivyo. Aliye peke yake mara nyingi hulipa nauli ya wawili. Shemeji yangu, mjane, anakaa Dubai na ndiye aliyetufikiria safari hii. Alitakiwa alipie kiti cha marehemu mumewe, kitanda cha marehemu, na chakula ambacho marehemu hatakila. Alipopiga simu kuuliza, kijana wa wakala akamwambia kwa sauti tamu kwamba ndio utaratibu wa sekta. Utaratibu wa sekta! Mtu anafiwa, sekta inamwekea sahani.

Kuna na kategoria inayoitwa ya uhakika. Jina zuri. Uhakika wenyewe ni kwamba utapata kabini. Ipi, wapi, sitaha gani, chini ya jukwaa la ngoma au chini ya bwawa ambako viti huanza kukokotwa alfajiri, hilo watalijua wao karibu na safari. Unalipa pungufu ili usijue. Na wakati unasoma maelezo haya kwenye simu, juu kunawaka maandishi mekundu: zimebaki kabini mbili tu kwa bei hii. Kesho yake bado zimebaki mbili. Kesho kutwa bei imeshuka na zimebaki nne. Sijui hizo mbili zilizaliwa na nani. Halafu wanakueleza kwamba mawimbi husumbua zaidi juu na kwenye ncha za meli, na kwamba penye utulivu ni chini, katikati. Ndiyo hapo pa bei rahisi. Anayelipa zaidi huyumba zaidi, na hakuna aliyeona haya kuliandika hilo ukurasa mmoja na orodha ya bei.

Kilele chake ni mnada. Ukishalipa kila senti, inakuja barua pepe ya kukupongeza: unaweza kuomba upandishwe daraja kwa kutaja dau lako. Kuna alama kama ya mafuta kwenye gari. Ukitaja kidogo, sindano inalala kwenye "dhaifu". Ukiongeza inasogea "wastani". Ukiongeza tena inapata nguvu. Unashindana na watu usiowaona, kwa kabini usiyoijua, na meli haitakuambia wengine wametaja kiasi gani. Mke wangu, mwanamke ambaye hupunguza bei ya nyanya hadi muuzaji anacheka, nilimkuta saa sita usiku akiisukuma ile sindano kwa kidole. Aliniambia hataki kupanda daraja. Anataka kuona tu wanaotaka wako tayari kutoa ngapi.

Hapo sikuweza tena kuilaumu kampuni peke yake. Jioni ya kwanza mezani tulikaa na mzee mmoja na mkewe kutoka Muscat, Kiswahili chao cha Unguja kikavu na kitamu, kile ambacho Unguja penyewe sasa hukipati kirahisi. Nilitarajia aniulize mimi ni mtoto wa nani. Aliuliza, "Nyie mko sitaha ya ngapi?" Nikajibu, "Ya nane. Lakini katikati." Sijui hiyo "lakini" ilitoka wapi. Yeye alikuwa ya kumi na mbili, akaongeza kwamba ni upande unaoingia Muscat ukiitazama ngome. Mkewe akatulia kidogo, kisha akauliza kama kwetu tunaiona bahari. Mke wangu akamjibu kwamba tunaona mengi.

Kijana aliyetusafishia kabini alikuwa wa Likoni. Siku alipotusikia tukibishana kuhusu mashua alicheka hadi akaweka taulo chini. "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akasema, na tangu hapo tukawa na mwanetu melini. Nilimuuliza yeye analala wapi. Chini ya mstari wa maji, akasema, tumebanana chumba kimoja, dirisha hakuna. Nikamwambia basi nyie angalau mmesalimika na kategoria. "Aa, mzee. Kuna kitanda cha juu na kitanda cha chini. Cha chini ni cha aliyetangulia kuajiriwa." Akafikiri. "Na cha chini cha karibu na mlango si sawa na cha chini cha ukutani."

Majuzi shemeji ametutumia orodha ya msimu ujao. Kategoria yetu haipo tena. Imegawanywa mbili: roshani inayoona mashua nzima, na roshani inayoona nusu ya mashua, ambayo ni ghali zaidi kwa dirhamu mia mbili na kidogo. Kundi la WhatsApp limeamka. Binamu wa Tanga anauliza ni nusu ipi.