Usiogope Kisigino: Mwongozo wa Soksi ya Kwanza kutoka Kwa Sadala

Watu wa joto wanadhani Tanzania haihitaji soksi. Waje mwezi wa saba. Wapande Noah pale Kwa Sadala, kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha, wafuate njia inayopanda Masama mpaka migomba iwafunike pande zote. Walale usiku mmoja kihambani, halafu alfajiri wakanyage sakafu ya saruji kwa miguu mitupu. Wakishamaliza kurukaruka, tutazungumza vizuri.

Mimi hufuma soksi, na hufumia popote: stendi, msibani, kwenye benchi la kusubiri zamu ya kusaga. Kila mara lazima atokee mtu aniulize, “Dada, hizo si zinauzwa hapo nyuma?” Zinauzwa, ndugu yangu. Hata ugali unauzwa hotelini, na bado watu wanasonga nyumbani kwao. Kwa ajili ya huyo anayeuliza, ambaye mara nyingi baada ya dakika tano huwa ameshika sindano zangu, nimeandika mwongozo huu. Una hatua saba. Usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: tafuta mguu kabla ya uzi

Anayeanza hukimbilia uzi. Atulie. Soksi huanza na mtu. Chagua mmoja unayempenda kiasi cha kumshika mguu, umkalishe kitini na uazime futi ya fundi cherehani. Mzungushie pale mguu ulipo mpana zaidi, chini kidogo ya vidole. Kisha pima urefu kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu.

Sasa punguza. Soksi hushika mguu kwa kuvutika, kwa hiyo mguu wenye mzunguko wa sentimita 22 unataka soksi ya sentimita 20. Kwenye urefu toa sentimita moja. Na upime miguu yote miwili. Mimi nilimpima mama yangu nikiwa mtu mzima mwenye watoto, ndipo nikajua kwamba mguu wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Miaka yote hiyo kiatu kimoja kilikuwa kinambana, na hakuwahi kusema. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu, “Mwanangu, viatu vinauzwa viwili viwili.”

Hatua ya pili: nenda mitumbani ukanunue kondoo

Kondoo wetu wa kufungwa zizini ni wa nyama. Manyoya yao ni mafupi na makavu, na hayakubali kusokotwa uzi laini. Uzi wa dukani nao mara nyingi ni akriliki: una rangi nzuri, ila jasho linabaki humo humo. Sufu yenyewe inatujia kwenye marobota ya mitumba. Iwe gulioni au kwenye vibanda vya Memorial mjini Moshi, tafuta sweta ambalo hakuna anayelitaka. Rangi mbaya, shingo imelegea, limetoboka kiwiko? Hilo ndilo lako, na bei yake inashuka ukilitazama kwa huzuni.

Kabla ya kulipa, kagua mambo mawili. Kwanza mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kupitishwa ovaloki, liache, maana ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi kama nywele za kinyozi. Unataka sweta ambalo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa. Pili ni uzi wenyewe. Lebo ikiwa imefutika, omba unyuzi mmoja uuwashe kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalopukutika. Akriliki huyeyuka ikaganda kama kishanga kigumu.

Kwa nini nang'ang'ania sufu? Waulize wapagazi wanaopanda Kilimanjaro kupitia Machame. Njia yao inaanzia msituni, kwenye mita kama 1,800, ambako mvua na tope havina msimu. Siku chache baadaye wanafikisha mizigo ya wageni kwenye kambi za juu, ambako maji huganda usiku. Soksi iliyolowa chini huenda ikavaliwa juu. Pamba ikilowa hulala kwenye ngozi na kunyonya joto la mguu. Sufu ikipata unyevu bado hushika hewa kati ya nyuzi zake, na mguu huendelea kupata joto. Mtu anayebeba hadi kilo 20 za mizigo ya wengine anastahili angalau vidole vyenye joto.

Nyumbani, fumua sweta kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu kwa kawaida lilifumwa kutoka chini kwenda juu. Uzi utatoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usije ukavurugika, uloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye shampuu kidogo. Kisha utundike kivulini na chupa ya maji chini yake iuvute unyooke. Sweta moja la mtu mzima hutoa jozi tatu bila taabu.

Hatua ya tatu: waombe wachoma mishikaki radhi

Soksi ni bomba. Ili kufuma bomba unahitaji sindano tano fupi zilizochongoka ncha zote mbili: nne zinashika vitanzi kwa umbo la mraba, ya tano inafanya kazi. Usipozipata dukani, mji wetu umejaa sindano zenye majina mengine. Spoku ya baiskeli ina unene wa kama milimita 2. Ikatwe, ikasuguliwe ncha kwenye jiwe, inafuma uzi mwembamba vizuri sana. Kwa uzi mnene, ambao ndio ninaomba uanze nao, tafuta vijiti vya mwanzi vya mishikaki vyenye milimita 3 hivi. Vikate sentimita 18, chonga ncha zote mbili, piga msasa mpaka visikwaruze shavu lako, kisha visugue kwa mshumaa viteleze. Vinunue vipya. Uzi wa sufu ukishika harufu ya nyama, paka wa jirani hatakuacha ulale.

Hatua ya nne: shingo, na jinsi ya kuokoa kilichoanguka

Fuma kwanza kitambaa kidogo cha majaribio. Ndani ya sentimita 10 kuwe na vitanzi 24. Vikizidi, tumia sindano nene zaidi. Vikipungua, nyembamba zaidi. Hapo vitanzi 48 vitakupa sentimita 20 tulizotaka.

Anzisha vitanzi 48, gawa 12 kwa kila sindano, unganisha mduara. Hakikisha vyote vinatazama upande mmoja. Mduara ukijipinda hapa, hakuna dawa mbele ya safari. Fuma viwili vya kawaida, viwili vya kinyume, ukizunguka hivyo hivyo kwa sentimita 5. Hiyo ndiyo shingo inayobana bila kukaba. Baada ya hapo fuma vya kawaida tu, mpaka kutoka ukingo wa juu upate sentimita 15.

Kitanzi kitadondoka. Kitaanza kushuka ngazi moja moja, na moyo wako nao utashuka. Usiache “nitarekebisha nikifika nyumbani”: usipoziba ufa utajenga ukuta. Chukua ndoano ya kufumia vitambaa vya makochi, kishike kitanzi, kipandishe kwa kuvuta ngazi moja baada ya nyingine hadi kirudi kwa wenzake. Kama kosa ni kubwa, fumua mpaka ulipokosea. Kiswahili kimeyaweka maneno haya mlango kwa mlango, kufuma na kufumua, na asiyekubali la pili hatalijua la kwanza.

Hatua ya tano: kisigino

Hapa ndipo wengi huweka kazi kwenye mfuko wa plastiki na kuusukuma chini ya kitanda. Kaa sawa. Kunywa chai. Kisigino ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, na hesabu hiyo umeifanya sokoni maisha yako yote.

Kamba hukatikia pabovu, na soksi hukatikia kisiginoni, kwa hiyo panahitaji unene. Vitanzi 24 vipumzike kwenye sindano mbili. Vingine 24 viweke kwenye sindano moja, uvifume kwenda na kurudi mistari 24. Kila mwanzo wa mstari hamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma. Upande wa nje, hamisha kimoja, fuma kimoja, hadi mwisho. Upande wa ndani, baada ya kile cha kwanza, fuma vyote kinyume. Utapata kibao kinene chenye mistari ya kusimama.

Sasa kukunja kona. Upande wa nje: fuma 14, unganisha viwili viwe kimoja, fuma kimoja, halafu geuza kazi, ingawa vitanzi 7 vimebaki vinakutazama. Viache. Upande wa ndani: hamisha kimoja, fuma 5 kinyume, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Kuanzia hapa hakuna kuhesabu, kwa sababu utaliona pengo pale ulipogeukia. Hamisha kimoja, fuma mpaka kibaki kimoja kabla ya pengo, unganisha kitanzi hicho na mwenzake wa ng'ambo, fuma kimoja kinachofuata, geuza. Mistari miwili ya mwisho haitakuwa na kitanzi cha ziada. Unganisha na ugeuze tu. Utabaki na vitanzi 14, na mkononi mwako kitambaa kilichokuwa bapa kitakuwa kimejikunja kama kiganja kinachopokea maji.

Mara ya kwanza nilipokiona kikijikunja nilipiga kelele, kuku wakakimbia. Nakuombea nawe upige kelele. Mkono uliokunja kisigino hauogopi tena kona.

Fuma vile 14, kisha okota vitanzi 12 kwenye ubavu mmoja wa kibao, fuma vile 24 vilivyopumzika, okota 12 ubavu wa pili. Jumla ni 62. Kila mzunguko wa pili, unganisha viwili kwenye kila kona ya ubavu. Ukifanya mara 7 utarudi kwenye 48, na mguu utakuwa umepata nafasi yake.

Hatua ya sita: nyayo na vidole

Sehemu hii ni rahisi, ni ya kufuma huku ukisikiliza habari za ukoo. Zunguka vya kawaida mpaka zibaki sentimita 5 kufikia urefu uliopima, ukitoa ile sentimita moja. Kisha kila mzunguko wa pili punguza vitanzi 4, viwili kila ubavu, mara 6. Vitabaki 24. Halafu punguza 4 kila mzunguko, mara 4. Vikibaki 8, kata uzi, upitishe ndani yake kwa sindano ya mkono, vuta, fundo lifiche ndani.

Na kama mtu wako haachani na kandambili hata akiwa na soksi, usimcheke. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London lina jozi ya soksi nyekundu za sufu kutoka Misri, za kati ya karne ya 3 na ya 5, na ncha yake imegawanywa mara mbili ili mkanda wa kandambili upite. Ni miongoni mwa soksi za kale zaidi zilizobaki duniani. Zilitengenezwa kwa sindano moja, kabla ya ufumaji huu wetu, na aliyezitengeneza alimtazama kwanza mwenye mguu na kiatu chake.

Hatua ya saba: soksi ya pili

Soksi moja ni sherehe, ya pili ndiyo ndoa. Msisimko umekwisha, siri zote unazijua, na kilichobaki ni kurudia. Ushauri wangu: anzisha vitanzi vya soksi ya pili jioni ile ile unapomaliza ya kwanza, hata mzunguko mmoja tu, ili kesho usikute sindano tupu. Ukichelewa na mwenye mguu ameanza kuulizia, mpelekee soksi moja pamoja na jani la isale, kama tunavyoombana radhi kwetu. Atakupa muda.

Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alitengeneza mashine ya kufuma soksi, na tangu hapo mashine hazijalala. Zinafuma haraka kuliko mimi na nitakuwa nimekufa zikiwa bado zinafuma. Namshukuru Lee, maana watoto wangu wamevaa soksi za shule za kazi yake. Lakini mashine hufuma jozi, na jozi ni soksi mbili zinazofanana.

Soksi za mama yangu hazifanani. Ya kulia niliimaliza Jumamosi moja jioni. Ya kushoto niliianza usiku ule ule, na baada ya kisigino niliongeza mizunguko mitatu, kama sentimita moja. Alipozivaa alinyamaza kidogo, akachezesha vidole vya mguu wa kushoto. Kisha akasema, “Hii imenifika,” akaenda kuwasha moto.